Kiraka na Sharti: Jinsi Mashine Itengenezavyo Programu Yenye Kasoro

Programu ya kompyuta ni maandishi. Hutungwa na mtu kwa lugha yenye sarufi kali, na msomaji wake ni mashine isiyokuwa na busara ya kusamehe neno lililokosewa wala ya kukisia nia ya mtungaji. Kwa hiyo maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa yafaa yatengwe tangu mwanzo. Kosa ni la mtu: mtungaji alifikiri vibaya, au alisahau. Kasoro ni ya maandishi: ni ile kauli iliyobaki katika programu kwa sababu ya kosa lile. Hitilafu ni ya kazi: mashine husimama au hutoa jibu la uwongo siku kasoro ile inapoguswa. Kosa laweza kufanywa kwa dakika moja, kasoro ikalala miaka mingi bila kuonekana, na hitilafu ikatokea kwa siku moja tu. Makala haya yahusu kasoro, na jitihada za wataalamu za kuifanya kompyuta yenyewe iitafute, iiondoe, na iandike kauli nyingine mahali pake.

Kauli hiyo mpya huitwa kiraka. Kuandika kiraka si kazi ngumu kwa mashine. Yaweza kuandika maelfu kwa saa moja. Ugumu uko katika hukumu: ni nani atakayesema kwamba kiraka hiki ni sahihi na kile si sahihi, na atasema kwa kufuata nini?

Wasomi wa tenzi za kale wanaijua kazi iliyo karibu sana na hii. Mswada ulioandikwa kwa hati za Kiarabu umeliwa na wadudu, au mnukuzi ameruka silabi, na kipande kimoja kimebaki na mizani saba badala ya nane. Kanuni za utenzi humwambia mhariri kwa yakini kwamba pana kasoro, na kwamba iko katika kipande hiki wala si katika kile. Humwambia pia kina ambacho neno la mwisho lazima liwe nacho. Lakini hazimwambii neno lenyewe. Maneno kumi yaweza kutimiza mizani na kina, na tisa kati yake yakawa upuuzi mtupu. Mhariri akiongeza kanuni nyingine, yaani maana ya ubeti, lahaja ya mtunzi na mfuatano wa kisa, maneno yanayofaa hupungua, na pengine likabaki moja. Mashine ya kutengeneza programu imo katika hali hiyo hiyo, ila yenyewe haina hata chembe ya maana ambayo haikuandikwa mbele yake.

Mfano mmoja uliotumiwa sana na wataalamu wa fani hii ni mdogo, nao unatosha kuonyesha jambo zima. Tarehe 31 Desemba 2008 vyombo vya kusikilizia muziki viitwavyo Zune, vile vyenye gigabaiti 30, vilivyouzwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani, viliganda siku moja mikononi mwa watu wengi. Kasoro ilikuwa katika sehemu ya programu iliyohusu saa. Sehemu hiyo ilipewa idadi ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1980, tarehe 1 Januari ikihesabiwa kuwa siku ya 1, ikatakiwa itoe mambo mawili: mwaka, na siku ya ngapi katika mwaka huo.

Njia yake ilikuwa hii. Mwaka unaanza kuwekwa 1980. Kisha, maadamu siku zilizobaki ni zaidi ya 365, mzunguko unarudiwa. Mwaka ukiwa wa kawaida, siku 365 huondolewa na mwaka huongezwa mmoja. Mwaka ukiwa mrefu, yaani wenye siku 366, programu huuliza kwanza kama siku zilizobaki ni zaidi ya 366. Zikiwa zaidi, huondoa 366 na kuongeza mwaka mmoja. Zisipokuwa zaidi, halikuandikwa lolote.

Hapo ndipo kasoro ilipolala. Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, na siku yake ya mwisho ilikuwa ya 366. Programu iliondoa miaka yote kuanzia 1980 na kumaliza 2007, zikabaki siku 366. Kwa kuwa 366 ni zaidi ya 365, mzunguko ulipaswa kuingiwa. Kwa kuwa 366 si zaidi ya 366, hapakuondolewa kitu. Mashine ikarudi juu, ikauliza swali lile lile, ikapata jibu lile lile, bila kikomo. Kesho yake idadi ilikuwa imeongezeka kwa moja, na vyombo vilivyokwisha umeme na kuwashwa upya vilifanya kazi kama kwamba hapakutokea jambo. Vyombo hivyo vilianza kuuzwa Novemba 2006. Basi Desemba 2008 ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwao kufika mwisho wa mwaka mrefu.

Sasa mashine iambiwe itengeneze. Njia ya kwanza, na ndiyo iliyojulikana zaidi, ni ya kuhukumu kwa mifano. Mtu huipa mashine orodha ya majaribio: idadi fulani ikiingia, jibu fulani litoke. Mwaka 2009 Westley Weimer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, pamoja na Stephanie Forrest wa Chuo Kikuu cha New Mexico, walitangaza chombo chao kilichokuja kuitwa GenProg, na kasoro ya Zune ilikuwa miongoni mwa zile walizozijaribia. GenProg huchukua kauli zilizomo katika programu yenyewe, ikazifuta, ikazinakili, ikazibadilishana mahali, na kuzalisha programu nyingi zilizotofautiana kidogo; kisha huchagua zilizo bora na kuzizalisha tena, kama mfugaji achaguavyo mbegu katika zizi lake. Programu ipitayo majaribio yote ndiyo hupokewa.

Tuseme majaribio yanataka jambo moja tu, kwamba programu isigande. Kiraka cha kwanza kinachokuja mbele ni chepesi kabisa: mahali palipoandikwa «zaidi ya 366» paandikwe «366 au zaidi». Tarehe 31 Desemba 2008 programu iliyotengenezwa hivyo itaondoa siku 366, itabakiwa na 0, itaongeza mwaka kuwa 2009, na itasimama salama. Jibu lake litakuwa siku ya 0 ya mwaka 2009, siku isiyomo katika kalenda yoyote. Kiraka hiki chavutia macho kwa ufupi wake. Tena hukosea kwa nadra sana: katika siku 1,461 za miaka minne mfululizo yenye mwaka mmoja mrefu, hukosea siku moja tu, kwa hiyo majaribio yaliyookotwa ovyo yaweza kupita pembeni yake mamia ya mara. Kiraka cha pili ni kufuta mzunguko wote. Programu hiyo nayo haigandi kamwe, ila kila siku ya historia itakuwa ya mwaka 1980.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2012 watunzi wa GenProg walieleza kwamba chombo chao kilitengeneza kasoro 55 kati ya 105 zilizotoka katika programu kubwa zinazotumika, kwa gharama ya dola 8 hivi kwa kila moja, na habari hiyo iliwastaajabisha wengi. Mwaka 2015 Zichao Qi, Fan Long, Sara Achour na Martin Rinard wa chuo cha MIT walivichunguza viraka vile kimoja kimoja. Waliona kwamba vingi havikupita hata majaribio yenyewe yalipoendeshwa kwa uangalifu, na kwamba vilivyokuwa sahihi kweli vilikuwa 2 tu. Sehemu kubwa ya vilivyobaki vilikuwa sawa na kufuta kazi ambayo programu ilipaswa kuifanya. Weimer mwenyewe amesimulia kisa cha programu ya kupanga orodha ambayo mashine iliitengeneza kwa kuifanya itoe orodha tupu: jaribio liliuliza tu kama orodha iliyotoka imepangika, na orodha isiyo na kitu haiwezi kushtakiwa kwa kuvurugika. Mashine haikudanganya mtu. Ilitimiza neno kwa neno yale iliyoambiwa.

Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa akikumbusha kwamba majaribio yaweza kuonyesha kuwa kasoro ipo, lakini hayawezi kuonyesha kuwa haipo. Ndiyo maana kundi jingine la wataalamu lilichukua njia ya pili, ya kuhukumu kwa masharti rasmi. Asili ya njia hii ni ya zamani kuliko watu wengi wadhanivyo. Alan Turing alisoma karatasi juu ya kukagua programu ndefu huko Cambridge mwaka 1949; Robert Floyd aliendeleza fikira hiyo mwaka 1967; na C. A. R. Hoare aliipa umbo la mantiki kamili mwaka 1969. Kwa mujibu wa Hoare, kila sehemu ya programu yaweza kuelezwa kwa sharti la kuanzia, ambalo ni lazima liwe kweli kabla ya kazi, na sharti la kumalizia, ambalo ni lazima liwe kweli baada ya kazi. Mzunguko huhitaji la tatu, sharti la kudumu, ambalo ni kweli kabla ya kila duru na hubaki kweli baada yake.

Kwa programu ya tarehe, masharti hayo ni mafupi. La kuanzia: idadi iliyopewa ni 1 au zaidi. La kumalizia lina vifungu viwili. Kwanza, siku itolewayo haipungui 1 wala haizidi urefu wa mwaka uliotolewa. Pili, siku hiyo ikijumlishwa na siku za miaka yote kuanzia 1980 mpaka ule unaoutangulia mwaka uliotolewa, jumla ni sawa na idadi iliyopewa. Kwa idadi yoyote ile pana jibu moja tu linalotimiza vifungu vyote viwili. Hapa neno «sahihi» limekwisha kuelezwa kwa tarehe zote pamoja, zilizopita na zijazo, bila kutaja hata tarehe moja.

Masharti hayo yakiwekwa mbele ya viraka vile viwili, hukumu ni ya papo hapo. Kiraka cha «366 au zaidi» chatimiza kifungu cha pili, maana 0 pamoja na siku zote hadi mwisho wa 2008 ni sawa na idadi iliyopewa. Lakini kifungu cha kwanza chakikataa, kwa kuwa 0 hupungua 1. Kiraka cha kufuta mzunguko nacho chatimiza kifungu cha pili, kikaanguka katika cha kwanza kwa upande wa juu. Yafaa iangaliwe kwamba kifungu kilichokamata viraka vyote viwili ndicho ambacho mtu angeona ni cha wazi mno hata asijisumbue kukiandika.

Mashine hufanyaje hukumu hiyo bila kujaribu idadi moja moja? Hugeuza programu na masharti yake kuwa fomula ya mantiki, ikauliza: je, iko idadi yoyote inayotimiza sharti la kuanzia, na huku jibu lake likivunja sharti la kumalizia? Swali hilo hupelekwa kwa programu nyingine iliyo mtatuzi wa mantiki. Mmoja wa watatuzi wanaotumika sana ni Z3, uliotangazwa mwaka 2008 na watafiti wa Microsoft. Mtatuzi akijibu kwamba haiko, kiraka kimethibitishwa kwa kila idadi. Akijibu kwamba iko, huitaja, na idadi hiyo huwa shahidi dhidi ya kiraka kile na dhidi ya vyote vinavyofanana nacho. Kila shahidi hupunguza uwanja wa kutafutia.

Masharti husaidia pia kuonyesha mahali. Ili mzunguko ufike mwisho, lazima kiwepo kipimo kinachopungua katika kila duru. Katika programu hii kipimo hicho ni siku zilizobaki. Mashine ikizifuata njia zote ndani ya mzunguko, huona kwamba kipimo hupungua katika njia zote isipokuwa moja, ile ya mwaka mrefu wenye siku 366 zilizobaki. Basi hapana haja ya kugusa pengine. Na ikiulizwa ni swali gani liwekwe mlangoni mwa mzunguko ili masharti yote yatimie, hupata jibu: mzunguko uendelee maadamu siku zilizobaki ni zaidi ya urefu wa mwaka uliofikiwa. Ile 365 iliyoandikwa pale ndiyo iliyokuwa kosa la asili, kwa kuwa ilichukulia kwamba miaka yote ni sawa.

Vyombo vya namna hii vipo. Bertrand Meyer, aliyeitunga lugha ya programu iitwayo Eiffel katika miaka ya 1980, aliwataka watungaji waandike masharti ndani ya programu yenyewe, kama mapatano kati ya anayeomba kazi na anayeifanya. Mwaka 2010 watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich, pamoja na wa Saarland nchini Ujerumani, waliyatumia mapatano hayo kuongoza matengenezo. Chombo chao AutoFix-E kilitoa viraka vya kufaa kwa kasoro 16 kati ya 42. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ile ya GenProg, lakini ina uzito zaidi. Huko Singapore, Abhik Roychoudhury na wenzake walishika njia ya katikati: katika vyombo vyao vya SemFix (2013) na Angelix (2016) masharti hayaandikwi na mtu, bali hukamuliwa kutoka katika majaribio, kwa kuuliza ni thamani gani ambayo kauli yenye shaka ingalipaswa kuwa nayo ili jaribio lipite. Angelix iliweza kutoa kiraka cha kasoro ya Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014, ambayo iliwawezesha wezi kusoma siri zilizomo katika kumbukumbu za kompyuta za tovuti nyingi. Walakini masharti yaliyokamuliwa kutoka mifano hayazidi mifano kwa mbali.

Mtu aweza kuuliza kwa nini basi programu zote haziandikiwi masharti kamili. Sababu ya kwanza ni gharama. Kiini cha mfumo kiitwacho seL4, kilichothibitishwa huko Sydney mwaka 2009, kilikuwa na mistari 8,700 hivi ya programu, na uthibitisho wake ulifika mistari 200,000 hivi. Sababu ya pili ni ya asili ya hesabu yenyewe: Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba haiwezi kupatikana njia moja ya kuamua kwa kila programu kama itafika mwisho ama sivyo. Kwa hiyo pana programu ambazo mbele yake mtatuzi hujibu kwamba hajui, mpaka mtu amsaidie kwa kumwandikia sharti la kudumu.

Sababu ya tatu yawahusu watu wa lugha kuliko watu wa mashine. Masharti lazima yatoke katika maneno ya watu, na maneno ya watu hayakutungwa kwa ajili ya mtatuzi wa mantiki. Mtu akisema kwa Kiswahili kwamba ofisi itafungwa «hadi tarehe 31», je, tarehe 31 yenyewe imo? Akisema «kati ya 1 na 366», ncha mbili zahesabiwa au hazihesabiwi? Kasoro ya Zune ilikuwa ya namna hii hasa, suala la ncha moja. Na neno «siku» lenyewe si jepesi. Katika desturi ya pwani siku huanza jua likichwa, na saa huhesabiwa kutoka magharibi na kutoka alfajiri. Ndiyo maana msemaji mwangalifu husema «usiku wa kuamkia Jumatatu». Mtungaji wa masharti ya programu ya tarehe atakayeandika «siku» bila kusema inapoanzia amewaachia wasomaji wake siku mbili.

Na masharti yaweza kutimizwa yote, hasara ikatokea. Tarehe 4 Juni 1996 roketi Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikaharibika angani kabla ya dakika moja kwisha. Programu ya chombo chake cha kuongozea ilichukua namba ya biti 64 ikajaribu kuitia katika nafasi ya biti 16, isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Programu ile ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuweza kuifikisha namba ile ukubwa huo. Baraza la uchunguzi lililoongozwa na Jacques-Louis Lions lilieleza kwamba takwimu za njia ya Ariane 5 hazikuingizwa katika masharti ya chombo hicho. Mashine ya kutengeneza, hata ingekuwa bora namna gani, ingalilinganisha programu na masharti yake, ikaona vimepatana, ikanyamaza.

Katika miaka ya 2020 kazi ya kupendekeza viraka imechukuliwa kwa sehemu kubwa na mifumo ya lugha iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, ya programu na ya watu. Viraka vyake hufanana zaidi na vya binadamu kuliko vile vya GenProg, na pengine hiyo ni hatari mpya, kwa kuwa kiraka cha uwongo kilichoandikwa vizuri hupita macho kwa urahisi. Hakimu, hata hivyo, ni wale wale wawili: majaribio, au masharti. Sasa mifumo hiyo hutakiwa pia iandike masharti yenyewe, na mtu hubakiwa na kazi ya kuyasoma na kusema kama ndiyo aliyoyataka.

Kazi hiyo ya kusoma si nyepesi, hata kwa masharti mafupi kama yale ya tarehe. Sharti la kuanzia lilisema kwamba idadi ni 1 au zaidi. Saa iliyoharibika ikitoa 0, programu iliyotengenezwa na kuthibitishwa haitaingia katika mzunguko. Itajibu kwamba leo ni siku ya 0 ya mwaka 1980. Mtatuzi hatakuwa na neno, kwa kuwa hapakuvunjwa sharti lolote: juu ya 0 hapakuandikwa kitu.